Kibao Kilichoupa Upepo Makalio

Ni saa moja unusu asubuhi katika njia panda ya Tonregee, magharibi mwa Ayalandi. Mvua imekatika dakika kumi zilizopita, lakini upepo wa magharibi bado una hasira zake. Attracta Ruane amepiga goti kwenye majani mabichi, mkono mmoja umezama shimoni hadi begani, anachomoa kokoto moja moja na kuzitupa nyuma bila kuangalia zinakoangukia.

Tom Pat Mulroy, dereva wa lori lao, anazikwepa kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa.

"Limefika sabini," anasema Tom Pat akitazama futi. "Kitabu kinasema sentimita sabini zinatosha."

"Kitabu hakijawahi kulala hapa mwezi wa Januari," anajibu Attracta. "Nipe sururu."

Nyuma ya lori kuna kibao kilichofungwa gunia. Kando ya ukuta wa mawe wamesimama watu thelathini na kitu, wengine na flaski za chai, wengine wamevaa koti la Jumapili na leo ni Alhamisi. Kwa kawaida hakuna anayetoka kitandani kwenda kutazama kibao cha barabara kikisimikwa. Hiki wamekitokea.

Attracta ana umri wa miaka 64 na ni fundi wa vibao katika idara ya barabara. Kazi yake ni kuchimba, kusimika nguzo, kufunga kibao na kwenda zake. Kwa mujibu wa daftari lake la jalada la kijani, ambalo halitoki mfukoni, kibao cha leo ni cha 4,316. Ndicho cha mwisho pia, kwa kuwa anastaafu Januari. Na kisa chake nusura kimfukuzishe kazi.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tano, akafunga samaki kwenye makopo, akapika katika hoteli, kisha akiwa na miaka thelathini na minane akaomba kazi ya barabarani. Kikosi kizima kilikuwa cha wanaume. Siku ya kwanza walimkabidhi nguzo ya chuma ya kilo arobaini aibebe peke yake, wakakaa pembeni kumtazama. Aliibeba, akaisimika, kisha akawauliza kama wamechoka.

"Mshahara haukuwa wa kujisifia, ila ulifika kila Ijumaa," anasema. "Lakini vibao ndivyo vilivyonisomesha. Huku kwetu kila kibao kina majina mawili, juu Kiayalandi, chini Kiingereza. Nilikuwa nachimba shimo huku najiuliza, hili neno maana yake nini?"

Ndivyo alivyojifunza. Cnoc ni kilima, tobar ni kisima, cluain ni malisho. Alijua ni wapi pana maji kabla hajaona maji, na wapi sururu itagonga mwamba, kwa sababu waliotoa majina walishachimba hapo kabla yake. Tom Pat anasema mara ya kwanza alidhani ni uchawi. Attracta alikuwa akisoma kibao, anashuka, na kuchukua sururu badala ya koleo.

Mwezi Machi lori lilipakiwa vibao sita. Cha mwisho kilikuwa cha kwao, Tonregee, kitongoji cha nyumba kumi na saba alikozaliwa na anakoishi hadi leo. Mpaka siku hiyo Tonregee ilikuwa na kibao cha Kiingereza peke yake, na hata hicho upepo ulikwishakiangusha mara tatu. Attracta alifunua karatasi kwa furaha ya mtu anayefungua barua kutoka nyumbani. Juu ya jina la Kiingereza palikuwa pameandikwa Tonn re Gaoith.

Tonn ni wimbi. Wimbi Dhidi ya Upepo.

"Nikakaa chini palepale barabarani," anasimulia. "Bahari iko kilomita thelathini na moja kutoka hapa. Wimbi limefikaje? Limepanda basi?"

Alijua jina lenyewe. Mama yake, Nonie, aliyefariki miaka kumi na tano iliyopita, alilitaja kila majira ya baridi. Attracta alipokuwa msichana aliomba atobolewe dirisha upande wa magharibi aone jua likizama. Mama yake alikataa katakata. Nyumba na ng'ombe wana akili moja, alimwambia. Upepo ukija, upe makalio. Ndiyo maana hapa panaitwa Tóin re Gaoith.

Tóin ni makalio. Makalio kwa Upepo. Ndilo jina, na nyumba zote kumi na saba zinalitii. Hakuna hata moja yenye dirisha upande wa magharibi, na hakuna paa lililowahi kung'olewa.

Tatizo ni kwamba Attracta aliwahi kulitaja jina hilo darasani akiwa na miaka minane. Mwalimu wake, Bi Concepta Tansey, wakati huo binti mbichi wa miaka ishirini na miwili, aliiva uso mzima kwa aibu na kumwandikisha neno "wimbi" mara mia moja. Babu yake mwalimu huyo, Bartley Tansey, naye alikuwa mwalimu wa shule hiyohiyo. Ndiye aliyewaandikia watu wa ramani mwaka 1934 kuwathibitishia kwamba Tonregee ni Wimbi. Hakuna aliyembishia. Nani angesimama mbele ya mwalimu kugombania makalio?

Basi Machi hiyo Attracta alikirudisha kibao cha wimbi ndani ya lori. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kukataa kibao hata kimoja. Msimamizi wake alimwambia kazi yake ni kuchimba, siyo kusoma. Naye akamjibu kwamba atachimba kokote duniani, ila hatasimika uongo mbele ya mlango wa mama yake. Baada ya siku nne alipata barua ya onyo. Barua ilisema akikataa tena, ajira yake itaangaliwa upya, na yeye alibakiza miezi kumi tu afikie kiinua mgongo.

Tom Pat alimsihi akisimike tu, wimbi au makalio, mtu anapita na gari lake haangalii. "Nilimwambia, Attracta, funga macho, mimi nitachimba," anakumbuka. "Hakuzungumza nami mpaka Jumatatu."

Attracta aliandika malalamiko kwa ofisi inayosimamia majina ya mahali. Aliandika kwa mkono, kurasa tatu. Ofisi ikazuia kibao kisisimikwe kwanza, ikamtuma mtaalamu wake, Sadhbh Ní Ógáin, kuja kusikiliza wakazi mwezi Juni katika ukumbi wa kanisa. Kama hakutakuwa na ushahidi, alieleza kwa simu, jina la mwaka 1934 litabaki, na barua ya onyo itakuwa na haki yake.

Ushahidi uko wapi? Attracta alipita nyumba zote kumi na saba. Wazee wa kwao, ambao yeye mwenyewe aliwasikia wakilitaja jina hilo utotoni, sasa walikohoa na kumimina chai. Mmoja alisema amesahau. Mwingine alisema hajawahi kusikia neno kama hilo, na Mungu anamwona. Vitabu vya kanisa vilikuwa na Tonregee ya Kiingereza tu, ambayo haisaidii kitu, kwa maana inabeba wimbi na makalio sawasawa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini watu wa Tonregee walikuwa tayari kufa tasa.

Jibu alilipata akiwa juu ya ngazi. Jumapili moja ya Mei alikuwa akikaza kibao kilicholegea karibu na uwanja wa mpira wa Killasker, kitongoji cha ng'ambo ya mto, mahasimu wao tangu enzi na enzi. Vijana wa Tonregee walikuwa wamefungwa vibaya. Pembeni mwa uwanja mzee mmoja alikuwa amesimama kwa fimbo yake, akiwasindikiza kwa utenzi wa kejeli. Attracta alishuka ngazi taratibu, ametega sikio.

Mzee huyo ni Mattie Joe Scahill, miaka themanini na minane. Amewakejeli watu wa Tonregee tangu avae kaptula, na alimkejeli baba yake Attracta mpaka siku baba huyo alipostaafu mpira. Kiayalandi hajui zaidi ya sala mbili. Jioni ile ile Attracta aligonga mlango wake.

"Mzee, nimekuja unitukane," alimwambia.

Mattie Joe aliweka kikombe chini. "Bila sababu?"

"Kama ulivyokuwa ukimtukana baba."

"Baba yako ni marehemu, Mungu amrehemu. Dhambi hiyo nilishaiungama."

"Basi utaiungama tena. Padri yupo Jumamosi."

Alipomweleza jambo lenyewe, mzee alimwomba aanze tena mwanzo. Kisha akacheka hadi mkewe akaja kutoka chumbani kuangalia kulikoni. Miaka themanini, alisema, amekuwa akiwatunzia hawa watu jina lao, na hawajawahi kumpa hata asante.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa watu sitini, na nusu yao walikuwa watu wa Killasker waliokuja kustarehe. Bi Concepta, sasa ana miaka sabini na minane na ni mwenyekiti wa kamati ya kitongoji, alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, kwa heshima, juu ya babu yake, na akasema jina zuri ni zawadi kwa watoto. Watu walimpigia makofi. Attracta aliposimama alisema ushahidi wake amekuja nao kutoka ng'ambo ya mto, na Mattie Joe akainuka kwa fimbo.

Kwanza aliwaomba radhi kina mama. Halafu akamwomba radhi padri. Kisha akavua kofia, akavuta pumzi, na kwa sauti iliyotikisa vioo akatoa alichonacho:

"Tóin re Gaoith! Tóin re Gaoith! Ng'ombe na watu wamepanga mstari mmoja, utamjuaje mwenye mkia?"

Halafu mama mmoja wa Tonregee, yule aliyeapa kwa Mungu kwamba hajawahi kulisikia, aliangua kicheko cha kushindwa kujizuia, na ukumbi mzima ukamfuata. Wazee walifuta machozi. Wengine walikuwa wakiumalizia utenzi wenyewe, maana walikuwa wakiujua wote.

Sadhbh hakucheka. Alimwomba mzee arudie, akafumba macho, akamwomba arudie tena. Alichokuwa akikisikiliza ni sauti moja tu ya mwisho. Tonn hutamkwa karibu na "tun", n nzito, ulimi nyuma ya meno. Lakini tóin huishia na n laini, inayokaribia ny ya nyanya. Mdomo wa Mattie Joe, ambao hakuna mwalimu aliyewahi kuusahihisha, ulitoa ny safi mara tatu mfululizo.

"Hilo si wimbi," Sadhbh alisema.

Hata hivyo Bi Concepta alisimama tena, na hoja yake ilikuwa na mashiko. Mahasimu hupotosha majina kwa makusudi. Huenda Killasker ndio waliogeuza wimbi kuwa makalio ili wacheke. Sadhbh alikiri kwamba inawezekana, na kwamba ushahidi wa utani peke yake hautoshi. Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Attracta alirudi nyumbani kwa miguu, akapita kwenye nguzo tupu ya njia panda, na anasema usiku ule ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi, wakati Attracta akianika nguo, Bi Concepta alifika kwenye lango na mkate chini ya kwapa na bahasha mkononi. Alikuwa hajawahi kuingia nyumba hiyo.

Alikataa kukaa. Alisema alipanda darini kutafuta karatasi za babu yake, na hakuficha kwamba alizitafuta ili ammalize Attracta moja kwa moja. Badala yake alipata daftari la shule la mwaka 1911, babu yake akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Kwenye jalada, kwa mwandiko wa kitoto, alikuwa ameandika jina lake na anakotoka. Herufi nne za kwanza za kitongoji zilikuwa t, o yenye kistari juu, i, na n. Miaka mingi baadaye, kwa wino mwingine, mkono wa mtu mzima ulikuwa umekwangua kile kistari na kuongeza mguu kwenye i ili iwe n. Tóin ikawa Tonn kwa ukwaruzo mmoja na mstari mmoja.

"Nilikuandikisha mara mia, na wewe ndiye uliyekuwa sahihi," Bi Concepta alimwambia. "Ningeweza kulichoma moto. Jiko lilikuwa linawaka."

"Kwa nini hukulichoma, Mwalimu?"

"Kwa sababu mimi ni mwalimu."

Attracta alimkumbatia, mkate ukaanguka, kuku wakaula. Anasema watu wanamsifu yeye kwa ujasiri, lakini yeye alikuwa akimtetea mama yake tu, na hilo ni rahisi. Bi Concepta alimshitaki babu yake mwenyewe.

Babu huyo naye si mtu wa kulaumiwa sana. Ndani ya bahasha kulikuwa na barua yake moja inayoeleza jinsi mkaguzi kutoka mjini alivyouliza maana ya jina la kitongoji mbele ya darasa zima, na jinsi alivyocheka alipojibiwa. Aliona aibu kwa niaba ya watoto arobaini. Aliwaficha ndani ya wimbi, kama mzazi anavyomfunika mtoto shuka.

Uamuzi ulitoka Septemba, aya nne tu. Jina la Kiayalandi la Tonregee ni Tóin re Gaoith. Barua ya onyo ya Attracta ilifutwa, na msimamizi wake alikuja mwenyewe kumwambia kwamba itachanwa. Attracta akaomba apewe. Imetiwa fremu na imetundikwa jikoni kwake, katikati ya picha ya mama yake na kalenda ya mbolea.

Ndiyo sababu watu wameamka asubuhi hii. Shimo sasa lina sentimita tisini. Tom Pat anafungua mchoro wa ofisi na kugundua kwamba wako upande usio sahihi.

"Mchoro unasema kibao kikae upande wa pili, pale peupe."

"Pale peupe kimeanguka mara tatu," anasema Attracta. "Cha mwisho tulikikuta kwenye viazi vya Mwalimu. Sikusumbuka mwaka mzima kwa ajili ya jina halafu nisilifuate."

Amechagua mahali chini ya kitako cha kilima, nyuma ya ukuta wa mawe, ambapo ardhi yenyewe imevimba na kuukinga upepo wa magharibi. Kibao kitatazama mashariki. Gari likitoka mjini litakiona vizuri, na upepo utakuta mgongo wake.

Wanamimina zege. Bi Concepta anaombwa avute gunia. Anasitasita, kisha anamwita Mattie Joe amsaidie, na wazee hao wawili, ambao hawakuwahi kusalimiana kwa miaka hamsini, wanalivuta pamoja. Jina linatokea, jeusi juu ya nyeupe, na kistari chake juu ya o kimekaa mahali pake. Attracta anatoa kitambaa mfukoni na kukifuta kistari peke yake, ingawa hakina vumbi. Macho yake yamejaa na hajali nani anaona.

Baada ya Januari hana mpango wa kupumzika. Kila shamba hapa lina jina lake, anasema, hata kipande kinacholisha ng'ombe watatu, na majina hayo hayako kwenye ramani yoyote. Amenunua madaftari kumi ya jalada la kijani. Ataanza na nyumba kumi na saba za Tóin re Gaoith, kisha atavuka mto kwenda Killasker, kwa sababu ameshajifunza kwamba mambo mengine ya mtu hutunzwa na hasimu wake. Mattie Joe amemwahidi chai, na matusi ya mashamba yao yote.

"Mama alinipa jina moja," anasema. "Nataka nikikutana naye nimpelekee elfu."

Anaandika 4,316 kwenye daftari, tarehe, na neno moja: nyumbani. Wakati huohuo upepo unashuka kutoka magharibi kwa nguvu, na mvua ndani yake. Hakuna aliyetoa amri. Watu thelathini na kitu wanageuka kwa pamoja, kola juu, makalio magharibi. Shambani, ng'ombe sita wa Ruane wamekwishageuka, na kibao kipya kiko nao kwenye mstari.

Mattie Joe, wa Killasker, naye amegeuka. Anatazama kushoto, anatazama kulia, watu, ng'ombe na kibao, na mdomo wake unaanza kutikisika.

"Sema tu, Mzee," anasema Attracta, mikono imejaa zege, anacheka mvuani. "Leo tunaitikia."